Shahawa za ngamia zinavutika kama mlenda: nizilainishe vipi bila kuua mbegu?

Mfugaji_Mazeras

Assalaam aleikum wakuu.

Naomba msaada wa wenye ujuzi wa uzazi wa mifugo. Tuna majike 22 wa ngamia upande wa ndani wa Mazeras na dume mmoja wa Kipakistani ambaye jirani zetu wote wanamtaka kwa sababu ya maziwa. Hatutaki kumzungusha kijiji hadi kijiji, kwa hivyo tunataka kukinga shahawa na kupandisha kwa mrija kama inavyofanywa kwa ng'ombe.

Hali ilivyo sasa: tunakinga kwa uke bandia wa ng'ombe, tunapata 5 hadi 7 ml, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Lakini ni nzito, ukiinua pipeti inavutika uzi kama bamia iliyochemka. Chini ya hadubini mbegu zinatikisika papo hapo, hakuna inayokwenda mbele. Tumejaribu kuzipitisha mara tano kwenye sindano namba 18. Uzi ulikatika kweli, lakini tukaona vichwa vimeachana na mikia na nyingine zimejikunja.

Maswali yangu:

Moja, zile mbegu zinazotikisika ni nzima au ni mbovu? Mbili, nizilainishe kwa njia gani? Tatu, nimesikia kwamba kwa lama kule Amerika Kusini wanatumia dawa inayotokana na papai. Mapapai hapa kwetu yamejaa, je, utomvu wa papai bichi unafaa? Nne, ekstenda (maji ya kuzimulia na kutunzia shahawa) ya ng'ombe inatosha au kuna ya ngamia peke yake?

Shukran.

---

Maabara_Kongowea

Wa aleikum salaam, sheikh wangu. Hilo la kwanza lisikuvunje moyo: mbegu za ngamia zikiwa ndani ya ute wake wa asili hutikisika tu, haziwezi kwenda mbele. Hiyo ndiyo hali yake ya kawaida dakika za mwanzo. Mtu aliyezoea ng'ombe akiangalia atasema shahawa ni mbovu, azimwage, na kumbe amemwaga mali. Mwendo wa ngamia usiuhukumu kabla ute haujalainika. Dakika za mwanzo hesabu zinazotikisika na uandike "zinatikisika asilimia fulani", kisha urudi kuangalia kila baada ya dakika 15 au 20.

Ute huo hautoki kwenye tezi ile ya ng'ombe. Ngamia, lama na alpaka hawana kabisa vile vifuko vya shahawa alivyo navyo fahali. Wana tezi ya kibofu na zile ndogo za karibu na mkia wa mrija wa mkojo. Uzito wenyewe ni wa protini za ute zenye minyororo mirefu ya sukari, na ndiyo maana unavutika kama mlenda. Kazi yake inaonekana ni kuzihifadhi mbegu ndani ya kizazi. Jike wa ngamia hatoi yai mpaka apandwe, na yai hutoka siku moja hadi mbili baadaye, sasa mbegu zinahitaji pa kusubiri. Kwa hiyo usiutazame ute kama uchafu wa kuondolewa haraka haraka. Unaulainisha polepole, kama vile kizazi chenyewe kingefanya.

Sindano acha leo hii. Ute mzito ukisukumwa kwenye tundu jembamba unavuta mbegu pande mbili kwa wakati mmoja, shingo inakatika. Hivyo vichwa vilivyoachana na mikia ulivyoviona ni kazi ya sindano, dume hana kosa.

Njia ninayokushauri uanze nayo ni ekstenda ya joto na subira. Mchanganyiko wa kupata 100 ml za maji ya msingi:

Trisi 3.03 g, asidi ya sitriki 1.7 g, fruktosi 1.25 g, halafu ongeza maji safi ya maabara mpaka ifike 100 ml. Pima pH, iwe kati ya 6.8 na 7.0. Weka penisilini yuniti 100,000 na streptomaisini 100 mg. Hayo ni maji ya msingi. Ukitaka ekstenda kamili chukua 80 ml za hayo maji, ongeza 20 ml za kiini cha yai.

Kiini kina ufundi wake. Vunja yai, mwaga ute mweupe, kiini kiweke juu ya karatasi ya kuchujia na ukivingirishe taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ute mweupe uliobaki unanata kwenye karatasi, kiini kinabaki kikavu na kinang'aa. Ukiona bado kinateleza, kihamishe kwenye karatasi ya pili. Hapo toboa ngozi yake kwa ncha ya sindano, kiinamishe juu ya silinda ya kupimia, maji ya manjano yatiririke na ngozi ibaki karatasini. Viini viwili vikubwa vinatosha kutoa 20 ml. Changanya, acha frijini usiku kucha, asubuhi vuta sehemu ya juu tu uache matope chini. Ekstenda hiyo ikae frijini siku 3, isizidi.

Maji ni jambo linaloharibu kazi nyingi hapa pwani. Kisima chetu kina chumvi, na mfereji nao hauaminiki. Maji ya betri ya pale petroli yasikudanganye, mengine yana tindikali. Nunua maji ya sindano kwenye duka la dawa, chupa za 500 ml.

Sasa kazi yenyewe. Kabla dume hajakaribia jike, ekstenda iwe tayari kwenye beseni la maji la nyuzi 37. Shahawa zikifika, ziweke nazo humo dakika 5 zilingane joto. Kisha sehemu 1 ya shahawa kwa sehemu 3 za ekstenda. Usimwage zote kwa pamoja: tia kiasi sawa kwanza, zungusha chupa kwa mkono kama unavyozungusha kikombe cha kahawa kuinua masimbi, subiri dakika 10, halafu ongeza zilizobaki. Ziache kwenye nyuzi 37 kwa dakika 60 hadi 90. Kila dakika 15 vuta na uachie polepole kwa pipeti yenye mdomo mpana, mara 5 au 6 tu. Usitikise, povu likitokea ujue umeshaharibu.

Kipimo cha kulainika ni uzi wenyewe. Chovya ncha ya pipeti, inua pole pole mbele ya rula, tazama uzi unakatika kwenye sentimita ngapi. Andika kila mara. Mwanzoni unaweza kupata 5 au zaidi, ukifika pale matone yanapodondoka bila uzi ndipo unapopima mwendo kwa haki.

Jambo moja la hadubini: kiini cha yai kina vijichembe vya mafuta ambavyo navyo hucheza cheza. Kwa kuangalia mwendo chukua tone dogo ulizimue kwa maji ya msingi yasiyo na kiini. Slaidi na kifuniko viwe vya moto, nyuzi 37. Na kama chumba kina AC, izime. Tone la 10 µl (maikrolita) kwenye kioo cha nyuzi 20 linapoa kwa sekunde chache, mbegu zinasimama, nawe unaandika "zimekufa".

---

Dakt_Mifugo_Kwale

Naungana na Maabara hapo juu, ila naona nusu ya tatizo iko kabla shahawa hazijafika maabara.

Uke bandia wa ng'ombe ni mrefu mno na hauna kibano. Ngamia hupanda jike akiwa ameketi, na anachukua dakika 5 hadi 20, akisukuma na kupumzika. Hatoi kwa pigo moja kama fahali. Anahitaji kuhisi kitu kinachobana kwenye ncha, mfano wa shingo ya kizazi. Kata ganda la nje libaki kama sentimita 30. Chukua sponji ya godoro, kata kipande cha urefu wa sentimita 8 hivi, kizungushie kati ya ganda na mpira wa ndani upande wa mwisho, ili njia iwe nyembamba hapo. Dume akipenya hicho kibano ndipo anatoa. Pasipo na hicho kibano atahangaika, atatoa maji tu ya mwanzo, na utafikiri hana mbegu.

Joto la ndani liwe 40 hadi 42 wakati anapoanza. Maji unayojaza yawe 50 hadi 55, kwa sababu yanapoa wakati unasubiri. Pima kwa kipimajoto ndani ya mpira wenyewe, si kwenye ndoo. Kwa kuwa kazi ni ndefu, vika uke bandia mfuko wa kitambaa kizito au sufu, na chupa ya kukingia nayo ivikwe, kwanza isipoe, pili isipigwe na jua. Jua la saa tatu asubuhi la hapa kwetu linatosha kuziua mbegu zilizo kwenye kioo kitupu.

Mafuta ya kulainishia weka kidogo mno, theluthi ya mwanzo peke yake. Jeli nyingi za maji za hospitali ni sumu kwa mbegu. Na sirinji: zile zenye kizibo cheusi cha mpira usizitumie kuvutia wala kuhifadhia shahawa, mpira huo una kemikali zinazoua mbegu. Tafuta zile za plastiki tupu, vipande viwili. Vyombo vikishaoshwa kwa sabuni visuuzwe mara nyingi, suuzo la mwisho liwe kwa maji ya sindano, vikaushwe kabisa. Tone la maji matupu hupasua mbegu kama puto.

Mchanga ni adui mwingine. Govi la ngamia linaelekea nyuma na hujaa vumbi. Siku moja kabla lioshe kwa maji ya chumvi ya hospitali ya uvuguvugu, usitumie dawa ya kuua vijidudu. Jike wa kupandwa aketi juu ya turubai au mkeka, asiketi kwenye mchanga mtupu.

Sasa dume mwenyewe. Dume aliye msimuni utamjua: anasaga meno, anatokwa povu, anatoa ile ngozi laini ya kooni ikining'inia mdomoni na kulia, kisogo kinachuruzika maji meusi yenye harufu, na mkia unapiga mkojo mgongoni. Kwetu karibu na ikweta msimu huo unafuata mvua na malisho. Dume asiyeonyesha hayo usimlazimishe. Utapata shahawa nyepesi zenye mbegu chache, na hakuna ekstenda itakayozisaidia.

Akianza msimu, mbili tatu za kwanza zimwage, hizo ni mbegu zilizokaa sana. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki inatosha.

Joto nalo. Mbegu huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa kwenye korodani. Ukiona shahawa mbaya leo, jiulize dume alikuwa na nini wiki nane zilizopita. Alipata homa? Kupe walijaa kwenye korodani? Alifungwa juani bila kivuli wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ikiwa na unyevu na usiku haupoi? Ngamia anahimili joto kavu la Wajir, ila unyevu wa pwani humchosha kwa namna nyingine, kwa kuwa jasho halikauki. Mjengee banda la makuti lililo wazi pande zote, lielekee upepo wa bahari. Maji yawepo, chumvi iwepo. Kukinga kufanyike alfajiri.

La mwisho kwangu, na hili silegezi: pima damu kabla ya kumpandisha hata jike mmoja. Brusela hupita kwenye shahawa, na binadamu anayekunywa maziwa mabichi naye anapata. Pima pia sura, ule ugonjwa wa vimelea unaoletwa na mapange. Dume mwenye sura sugu anakonda, homa inapanda na kushuka, na korodani zinaharibika. Kama mko karibu na Shimba Hills kuna mbung'o pia. Na tafadhali asimtibu mtu yeyote kwa diminazini iliyobaki ya ng'ombe. Kwa ngamia ni hatari. Mwite daktari atoe dawa ya ngamia.

---

Pwani_Kilimo

Mimi ningesema njia fupi: shahawa zitiwe kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, ute utenganishwe, mbegu zibaki chini safi. Na kama papai ni shida, kuna ule unga wa kulainishia nyama unaouzwa madukani, si ndiyo papaini, ile dawa ya papai, hiyo hiyo?

---

Mtafiti_Bamburi

Ndugu Pwani_Kilimo, yote mawili yatamwumiza.

Sentrifuji juu ya shahawa ambazo hazijalainika haitenganishi kitu. Mbegu zimenaswa kwenye wavu wa ute. Ukiongeza kasi zinashuka pamoja na ute kama donge, na za katikati zinabanwa. Sentrifuji inakuja baada ya kulainisha, na tena kwa kupitisha kwenye tabaka la koloidi linalochuja mbegu nzima. Ni kazi nzuri sana ila koloidi ni ghali na inahitaji mafunzo.

Ule unga wa nyama una chumvi nyingi na mara nyingine wanga. Chumvi ile peke yake inatosha kukausha mbegu. Na utomvu wa papai bichi, nirudi kwa swali la mwenye mada, haufai kwa sababu tatu. Hujui una nguvu kiasi gani, maana hutofautiana kwa tunda, kwa saa ya kuchanjwa na kwa muda uliokaa. Pili umejaa bakteria na uchafu wa ganda. Tatu, ndani yake mna vimeng'enya vingine kando ya papaini, navyo hukata ovyo. Kinachokata nyama hakichagui, kitamaliza ute kisha kianze utando wa mbegu na ile kofia ya kichwani ambayo mbegu inaihitaji kuingia kwenye yai. Tripsini, kimeng'enya kingine cha kukata protini, ilijaribiwa kwa wanyama hawa na ubaya wake ulikuwa huo huo, kofia zinaharibika.

Papaini ya maabara ndiyo iliyojaribiwa, na iliyofanyiwa kazi sana ni alpaka na ngamia. Kwa lama wamefanya zaidi na kimeng'enya kiitwacho kolajenasi. Lama anatoa shahawa chache kuliko ngamia, anapanda akiwa ameketi vile vile, dakika 20 na zaidi, na shahawa zinatoka kidogo kidogo muda wote huo. Ute wake ni ule ule wa ukoo, ndiyo sababu dawa ya mmoja inampa mwingine mwanga.

Ukiamua kutumia papaini, fanya hivi. Tengeneza akiba ya 4 mg kwa ml ndani ya maji ya msingi yasiyo na kiini. Kiini kisiwepo hatua hii, kwani papaini itaanza kula protini za yai badala ya ute. Zimua shahawa kwa kiasi sawa cha maji ya msingi, tia 25 µl za akiba kwa kila ml ya mchanganyiko, hapo unapata karibu 0.1 mg kwa ml. Nyuzi 37, dakika 20, saa mkononi. Dakika 20 zikiisha unaizima papaini kwa kizuizi kinachoitwa E-64, kipimo cha mwisho kiwe maikromola 10. Kwa akiba ya milimola 1, ambayo ni 0.36 mg kwa ml, hiyo ni 10 µl kwa kila ml. Kisha ndipo uongeze ekstenda yenye kiini.

Kama huna E-64, usitumie papaini. Sisemi hivi kwa kutisha. Kuzimua zaidi kunaipunguza nguvu lakini hakuizimi, na wakati unamsafirishia jirani mbegu saa tatu barabarani, papaini inaendelea na kazi.

Kwa maoni yangu wewe hauihitaji. Unapandisha shahawa mbichi siku hiyo hiyo. Subira ya dakika 90 aliyokueleza Maabara inakutosha. Papaini ina maana kwa anayetaka kugandisha, pale ambapo gliseroli, dawa ya kuzikinga mbegu zinapoganda, lazima iifikie kila mbegu kwa kipimo sawa, au anayetaka kurutubisha yai ndani ya sahani. Kugandisha shahawa za ngamia bado matokeo ya mimba ni madogo, usianzie hapo. Na ndiyo sababu nakuomba pia usitumie ekstenda ya ng'ombe ya kugandishia: nyingi zina gliseroli ndani tayari, na kwa shahawa mbichi gliseroli ni mzigo usio na faida.

---

Mfugaji_Mazeras

Shukran jazila, wakuu. Nimeelewa, sindano na papai nimeziacha. Nimebaki na mawili. Nitajuaje mbegu ngapi za kumtia kila jike? Na kwa kuwa jike hatoi yai mpaka apandwe, huyu wa mrija atatoa yai vipi? Kuna mtu ameniambia shahawa zenyewe zina dawa ya kutoa yai ndani yake.

---

Maabara_Kongowea

La kuhesabu nitalijibu mimi.

Usijaribu kupima shahawa nzito kwa pipeti ya kawaida. Unavuta 10 µl lakini nusu inabaki imenata nje na nyingine hewa. Subiri zilainike ndani ya ekstenda, ndipo uhesabu. Chukua zile zilizozimuliwa 1 kwa 3, zizimue tena mara 20 kwa maji ya kawaida ili mbegu zife na zitulie, weka kwenye kioo cha kuhesabia cha Neubauer, acha dakika 5 zitue. Hesabu mraba mkubwa wa katikati, ule wenye visanduku 25, vichwa tu.

Mfano. Umehesabu 300. Zidisha kwa 10,000 upate kwa ml, kisha kwa 20: ni milioni 60 kwa kila ml ya ekstenda. Shahawa za asili zilikuwa mara nne ya hapo, milioni 240, ambayo ni kawaida kwa ngamia. Sasa mwendo: baada ya kulainika nusu zinakwenda mbele. Dozi inayotumika ni milioni 150 zinazokwenda mbele, kwa hiyo unahitaji milioni 300 kwa jumla, yaani 5 ml. Kama dume alitoa 6 ml, una 24 ml za ekstenda, hizo ni dozi nne na kidogo kinabaki cha kuangalia kesho.

Hesabu pande zote mbili za kioo. Zikitofautiana zaidi ya moja kwa kumi, ute haujalainika sawasawa na mbegu zimeshikana mafungu. Rudisha kwenye beseni dakika 20 nyingine, uhesabu upya.

---

Dakt_Mifugo_Kwale

Aliyekuambia shahawa zina dawa ya kutoa yai amesema kweli. Kwenye maji ya shahawa za ukoo huu mna protini ambayo mwaka 2012 ilitambuliwa kuwa ni ile ile inayokuza mishipa ya fahamu mwilini. Inaingia kwenye damu ya jike, inafika kwenye ubongo, homoni inatoka na yai linaachiliwa. Lakini usiitegemee kwa kazi ya mrija. Umezimua mara nne, umegawa dozi nne, kipimo kilichobaki hukijui. Jike asipotoa yai umepoteza kila kitu na hutajua ni kwa nini.

Kwa hiyo jike achomwe homoni. Daktari aingize mkono na ultrasaundi, atafute kijifuko cha yai chenye kipenyo cha sentimita 1.3 hadi 1.7. Kikiwa kidogo kuliko hapo hakijakomaa. Kikipita sana, kile huwa kimezeeka au kimejaa damu na hakipasuki. Akikiona, anachoma buserelini 20 µg kwenye mshipa. Saa 24 baadaye ndipo unapandisha. Yaani ratiba inaanzia kwa jike: sindano leo alfajiri, kesho alfajiri dume anakingwa, saa mbili baadaye shahawa zimelainika na jike anapandishwa. Wengi wanakinga kwanza halafu wanaanza kutafuta jike yupi yuko tayari, na shahawa zinazeeka mkononi.

Kupandisha: jike aketi, miguu ifungwe, mkia ufungwe bandeji na kuvutwa pembeni, sehemu za nyuma zioshwe na kukaushwa kabisa. Mrija wa ng'ombe wenye ala unafaa. Mkono wa kushoto kwa nyuma unaishika shingo ya kizazi na kuuongoza mrija. Usimwagie shingoni. Ngamia dume mwenyewe humwaga ndani ya kizazi, nawe ufike humo humo. Ukiwa na mbegu za kutosha mwaga kwenye mwili wa kizazi. Ukiwa nazo chache ingia ndani ya pembe ya upande ule wenye kijifuko, polepole, maana ukuta wa pembe ni laini. Mimba yenyewe karibu zote hukaa pembe ya kushoto hata kama yai limetoka kulia, kwa hiyo siku ya kupima usishangae.

Siku 8 baada ya kupandisha pima projesteroni, au angalia kwa ultrasaundi kama kuna kifuko cha manjano, kile kinachojijenga pale yai lilipotoka. Kama hakipo, jike hakutoa yai, na hapo shahawa hazina lawama. Kama kipo na siku ya 20 hakuna mimba, ndipo urudi kukagua shahawa. Bila kipimo hicho cha siku ya 8 utakuwa unamlaumu dume kila mara.

---

Mtafiti_Bamburi

Niongeze la safari, kwa kuwa jirani zako hawako mlango wa pili.

Zikitumika ndani ya saa mbili tatu, zibebe kwenye nyuzi 35 hadi 37. Chupa ya chai yenye mdomo mpana, maji ya 37 ndani, mirija imefungwa vizuri na kuzamishwa. Stima ikipotea wakati wa kulainisha, fanya hivyo hivyo kwa kisanduku cha barafu kilichojazwa lita 5 za maji ya moto. Joto linashuka taratibu na unaongeza kikombe cha maji ya moto ukiangalia kipimajoto.

Zikienda mbali zaidi lazima zipozwe, na hapa ndipo wengi wanaua. Kutoka 37 hadi 4 kwa ghafla ni kifo, utando wa mbegu unaganda kama samli. Weka mirija ndani ya bika yenye 250 ml za maji ya nyuzi 37, bika yote iingie frijini. Maji yanapoa pole pole na mbegu zinapoa nayo, saa moja na nusu hadi mbili mpaka kufika 4. Kisha zihamishe kwenye kisanduku chenye barafu, lakini kati ya barafu na mirija weka gazeti lililokunjwa mara kadhaa. Mrija ukigusa barafu moja kwa moja upande ule utaganda. Zitumike ndani ya saa 24, na mapema zaidi ni bora.

Ukifika, chukua tone moja tu, lipashe moto kwa 37 dakika 5 na uliangalie. Usizipashe zote halafu uzipoze tena. Na kwenye kila mrija andika jina la dume, saa ya kukinga, saa uliyoanza kupoza, na mwendo ulivyokuwa kabla ya kuondoka. Ukiondoka Mazeras na asilimia 50 ukafika Lunga Lunga na 20, dozi ya 5 ml haitoshi tena, na bila ile namba ya mwanzo hutajua kama ni safari iliyoziharibu au zilitoka nyumbani hivyo.